Foleni ya Matairi

Kazi ya kuzoa matairi makuukuu mashambani haimtaki mtu mpole, na mimi sijawahi kushtakiwa kwa upole. Pale yadi wananiita Honi. Mume wangu anasema jina hilo limechelewa tu, ningepewa tangu siku niliyozaliwa. Ninaendesha lori, na anayepakia ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye sote tunamwita Kobe. Msiniulize kwa nini. Kobe akiinua tairi moja, mimi nimeshagombana na mwenye shamba, tumepatana, na tumeulizana habari za watoto.

Mtu wa mjini hawezi kuamini jinsi mkulima anavyolipenda tairi bovu. Ataliweka juu ya bati upepo usilibebe. Atalikata liwe hori la ndama. Kuku watataga humo. Likishindikana kabisa atalisimamisha nje na kulipandia maua, maua yatakufa, tairi litabaki. Mvua ikinyesha linajaa maji, maji yanajaa viluwiluwi, na haichukui muda nyumba nzima inatetemeka kwa malaria. Hapo ndipo tunakumbukwa sisi. Tunayabeba mpaka yadi, yenye uhai kidogo yanakatwa kuwa kandambili, na yaliyokwisha kabisa yanapelekwa kiwandani kusagwa. Kuyachoma, hapana. Niliwahi kumkuta bwana mmoja anayachoma kando ya kisima, nikamsema mpaka mkewe akatoka kuniletea maji ya kunywa.

Sasa, hili shamba. Mtoto wa wenyewe alikuja yadi kwa miguu yake, mwanaume wa makamo, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Mama yake alikuwa ametoka kuugua malaria, kidogo wamzike. Bwana afya alipita pale nyumbani, akayaonyesha matairi kwa kidole, akasema adui yenu huyu hapa.

"Toeni yote, dada," aliniambia. "Hata yaliyofukiwa. Nikirudi sitaki kuona hata moja."

"Kaka, wewe lala usingizi," nikamjibu. "Mimi nikipita mahali, hata kivuli cha tairi hakibaki."

Maneno yangu hayo hayo. Ningejua ningejing'ata ulimi.

Kuna jambo hakuniambia, na nimelijua baadaye kwa mama yake, wakati limeshatuunguza. Ninalisema sasa, msije mkasema Honi anaficha. Baba yake alikuwa haoni. Macho yalimwisha polepole, kama betri za tochi, mpaka ikawa giza tupu. Mwana akataka kumchukua akaishi naye mjini. Mzee akakataa katakata. Mjini akafanye nini, akae kwenye kochi asikilize magari? Yeye ana ng'ombe wake mmoja wa maziwa, anamkamua mwenyewe asubuhi na alasiri, na ng'ombe huyo mtu mwingine akimsogelea ni mateke. Wakabishana weee, mwisho wakapeana mikono: siku mzee atakapopotea ndani ya boma lake mwenyewe, siku hiyo atafungiwa nguo zake na kwenda mjini bila neno.

Mwana alidhani ni suala la wiki. Ikapita miaka. Kila siku mzee anatoka mlango wa jikoni, ndoo mkono huu, fimbo mkono huu, moja kwa moja zizini, anakamua, anarudi, hata tone halimwagiki. Mwana akija kutembea anabaki mdomo wazi. Akiuliza, mzee anacheka: "Macho yangu yamehamia miguuni." Namna alivyofanya alijua yeye na mkewe peke yao. Mtu mzima na aibu zake, hakutaka mwanawe ajue kwamba anahitaji msaada wa kitu chochote.

Tulifika asubuhi. Mama alikuwa amekwenda mashine kusaga. Mwana akatupokea, akatuonyesha boma lote, akasema baba amepumzika ndani, tusimpigie kelele, halafu akapanda pikipiki yake kwenda kununua vyandarua. Aliposema kelele aliniangalia mimi. Sijui nani alimwambia.

Matairi mengi yalikuwa ya kawaida: juu ya banda, nyuma ya choo, moja kubwa la trekta limezama nusu ndani ya shimo la zamani walikokuwa wakichimba udongo wa matofali. Shimo lile lilikuwa limejaa maji ya mvua, rangi ya chai ya maziwa. Nikalitazama lile la trekta, nikalitukana, nikaliacha. Halikuwa na mahali pa kushika.

Ila yalikuwepo mengine yaliyonishangaza. Yalikuwa yamesimamishwa kwenye mstari, theluthi moja imefukiwa, hatua moja moja, kuanzia mlango wa jikoni, yakapita chooni, yakaenda mpaka zizini. Nikajua ni pambo. Watu wana mapambo yao.

Kobe akainama, akapitisha kiganja juu ya mojawapo. "Shemeji, hebu njoo. Haya matairi yana upara."

Kweli. Kila moja lilikuwa limelika juu, sehemu moja, likawa laini linang'aa.

"Na wewe ukigongwa kichwani kila siku utakuwa nao," nikamwambia. "Shika mtaimbo."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Jamani.

Sasa nieleze tunavyofanya kazi, maana hapa ndipo penyewe. Sisi hatubebi tairi moja moja mpaka kwenye lori, mgongo utakatika. Tunapanga foleni. Tairi la kwanza kung'olewa tunalimwaga maji na kulisimamisha pale pale lilipokuwa, tunalitegea jiwe lisiviringike. La pili tunalisimamisha mbele yake hatua moja, la tatu hatua moja, hivyo hivyo mpaka kwenye mlango wa nyuma wa lori. Halafu Kobe anaanza kuyasukuma kutoka mwisho, hakuna kurudi rudi. Foleni yangu ikinyooka huwa nasimama kuiangalia kama mwanamke anayeangalia nguo zake kwenye kamba. Wa yadi wananicheka, lakini hakuna anayepakia haraka kuliko sisi, na Kobe ni huyo huyo.

Geti la boma lilikuwa dogo, kwa hiyo lori nililiingiza kwa nyuma, upande wa shimo la udongo, nikalirudisha mpaka karibu na ukingo, likasimama kati ya nyumba na shimo. Tukang'oa. La kwanza lilikuwa la mlango wa jikoni. Tukapanga kutoka pale mpaka kwenye lori, foleni imenyooka, safi kabisa.

Kabla hatujapakia hata moja, gurudumu la nyuma likaanza kuzama. Udongo wa ukingoni ulikuwa laini. Nikapiga kelele, Kobe akapiga kelele, nikaruka kwenye usukani, nikalitoa lori pale kwa gia ya kwanza, moyo mkononi, nikazunguka nalo mpaka upande wa pili wa shamba penye ardhi ngumu. Tukahema. Jua lilikuwa limeshapinduka.

"Shemeji, tunywe chai kwanza," Kobe akasema. "Halafu tutaigeuza foleni ielekee huku."

Ningekuwa na hasira zangu za kawaida ningesema hapana. Siku hiyo moja nikawa mtu mwema. Tukakaa kwenye kivuli cha lori na chupa yetu ya chai na mkate, tukaanza kumsengenya msimamizi wa yadi. Kwa mbali ng'ombe alikuwa analia, ule mlio wa ng'ombe anayetaka kukamuliwa. Nikasema huyu mnyama naye ana mdomo kama wangu. Tukacheka tena.

Mara nikamwona mama anakuja njiani na ndoo ya unga kichwani. Nikasimama, nikajipangusa makombo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu, poleni na k..."

Hakumaliza. Alikuwa ametazama boma. Alitazama pale mlangoni, akatazama zizi, akatazama ardhi katikati yake, imetobokatoboka mashimo. Ndoo ikaanguka. Unga ukamwagika wote, akaukanyaga.

"Njia yake iko wapi?"

Nikadhani jua limemzidi. "Njia ya nani, mama?"

"Ya mume wangu! Haoni! Hayo matairi ndiyo njia yake, anayagonga kwa fimbo, ndivyo anavyokwenda! Mmeyapeleka wapi?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu niote meno, nilifungua mdomo pasitoke kitu. Nilikuwa ninauona ule upara juu ya matairi. Nilikuwa ninausikia ule utani wangu.

Mama akakimbilia ndani kwa mlango wa jikoni. Kitanda kitupu. Ndoo ya kukamulia haipo. Fimbo haipo. Akatoka anaita jina la mumewe kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Kobe ndiye aliyesema. Alisema taratibu, kama anavyofanya kila kitu, na kila neno liliniingia kama msumari.

"Shemeji. Foleni."

Tukageuka. Foleni ilikuwa pale pale, inaanzia mlango wa jikoni, hatua moja moja, imenyooka kuliko hata ile yake aliyoizoea. Ilikwenda mpaka kwenye ukingo wa shimo, pale lori lilipokuwa. Na lori halikuwepo.

Mungu wangu! Tulimpangia njia. Kwa mikono yetu wenyewe tulimpangia kipofu njia mpaka shimoni, tukaondoa kitu pekee kilichokuwa kinaziba, tukaenda kunywa chai.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka kandambili moja ilinivuka nikaiacha. Kwenye tairi la mwisho fimbo ilikuwa chini. Ukingo ulikuwa umemeguka, udongo mbichi unaonekana. Maji yametulia. Ndoo ya kukamulia inaelea katikati, inazunguka polepole. Nikakaa chini pale pale. Nilijua tumeua mtu. Nilisema kwa sauti: "Tumeua mtu."

"Nani amehamisha zizi?"

Sauti ilitoka chini yetu, pembeni. Mzee alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, amelikumbatia lile tairi la trekta, lile nililolitukana asubuhi. Kichwa kizima kimejaa matope. Uso wake ulikuwa umeelekea kwetu, lakini si sawasawa, kidogo kando.

Kobe aliruka. Kobe huyo huyo! Aliruka na nguo zake zote, akamshika mzee kwapani, mama na mimi tukavuta kutoka juu kwa kamba ya lori. Tulipomtoa alikuwa anatetemeka, mkono umechubuka, lakini mzima. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamgomba na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa ninalia tu, makamasi na kila kitu.

Mzee hakuwa analia. Alikuwa anafikiri. Akamshika mkewe mkono, akashusha sauti, hakujua sisi tuko karibu kiasi gani.

"Mama watoto, akili imeanza kuniondoka. Niligonga la kwanza nikaona limekuwa refu. Nikasema tairi haliwezi kurefuka, ni mimi nimepungua. Njia nayo nikahisi inapinda upande mwingine. Nikasema njia haiwezi kupinda, ni mimi ndiye ninayepinda. Nikaendelea. Usimwambie mtoto. Tafadhali. Atanichukua."

Nawaambieni, nilipokuwa nadhani amekufa nilipigwa na butwaa. Lakini maneno hayo yalinipiga mahali pengine kabisa. Mtu ameona kwamba tairi si lake, ameona kwamba njia si yake, akajishuku yeye. Hakutushuku sisi. Hata hakujua kwamba tumegusa njia yake.

Na mwana naye, kana kwamba ameitwa, pikipiki ikaingia. Akashuka na vyandarua vyake, akamwona baba yake amelowa matope, akasimama kama mti.

"Baba! Nini?"

Mzee akajinyoosha, akajipangusa mdomo. "Nimepotea," akasema. "Ahadi ni ahadi."

"Hajapotea!" Hapo sauti yangu ikarudi, tena yote, ng'ombe mwenyewe akanyamaza. "Hajapotea huyu! Sisi ndio tumempoteza! Tumeng'oa njia yake tukaielekeza shimoni! Mzee, zizi lako liko pale pale! Tairi lilirefuka kweli, nimelirefusha mimi!"

Nikamweleza yote, la kwanza mpaka la mwisho, sijui kwa pumzi ipi. Mwana alisikiliza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokuwa anaisha rangi. Akatazama ule mstari wa mashimo kutoka jikoni mpaka zizini, nikaona anaelewa miaka yote ile aliyokuwa anashangaa. Akaketi juu ya furushi la vyandarua.

"Mimi ndiye niliyewaita," akasema. "Niliwaambia hata yaliyofukiwa." Akarudia tena, kama mtu anayejaribu kulisikia neno. "Mimi ndiye niliyesema hata yaliyofukiwa."

 

Baadaye akainuka, akavua lile shati lake la pasi, akachukua sururu. Hatukuambiana. Tulifanya kazi sote watatu, na mama akatuonyesha kila tairi lilikuwa wapi, maana yeye aliyajua kama watoto wake: hili la chooni, hili la kona, hili ambalo mzee huligonga mara mbili kwa sababu baada yake kuna mteremko. Tuliyafukia, na ndani tukayajaza udongo mpaka juu, maji yasipate pa kukaa na mbu wasipate pa kuzalia. Upara tuliugeuza ukae juu kama ulivyokuwa. Nilikagua mwenyewe, moja baada ya jingine, nikiwa nimepiga magoti. Kisha tukazungushia shimo miti na waya. Kobe hakupumzika hata mara moja. Ng'ombe alikuwa analia wakati wote huo.

Mzee alikuwa ameogeshwa na kuvalishwa nguo kavu. Mwana akamwendea mlangoni, akampa fimbo na ndoo.

"Baba, hukupotea. Sikuchukui. Hapa ni kwako, utakaa mpaka uchoke mwenyewe. Njia yako tumeirudisha. Nenda kamkamue, anakulilia."

Nilishusha pumzi. Nilimtazama Kobe, naye akanitazama, nikaona na yeye ameshusha pumzi. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, yameisha.

Mzee akatoa fimbo, akagonga tairi la kwanza. Akainama, akapitisha vidole juu yake, akautafuta ule upara, akaupata. Akatabasamu kidogo. Akanyoosha fimbo, akaligusa la pili. Mguu haukunyanyuka. Akarudisha fimbo, akagonga la kwanza tena.

"Yule mama wa lori yupo?" akauliza.

"Nipo, baba."

"Haya ni yangu, au ni yenu?"

"Ni yako, baba. Naapa. Nimeyafukia kwa mikono yangu."

"Na yale ya mchana?"

Nikageuka kutazama ule ukingo wa shimo.

"Na yale yaliniambia njia ni hii," akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Yalikuwa na upara huu huu."

Alisimama. Tulimngoja. Mguu ulinyanyuka kidogo, ukarudi pale pale. Akaiweka ndoo chini.

"Mama watoto," akasema, "nifungie nguo."

"Baba, sijasema uondoke!" Mwana alikuwa analia waziwazi sasa. "Nimesema ukae!"

"Wewe hujasema. Nimesema mimi."

Akageuka, akashika fremu ya mlango, akaingia ndani akipapasa ukuta. Mama akaichukua ndoo, akafuata matairi mpaka zizini, na punde tukasikia teke, na ndoo inabingirika.

Tuliondoka na yale machache ya juu ya banda na ya nyuma ya choo. Mengine tuliyaacha pale, yamenyooka vizuri kuliko tulivyoyakuta, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwa ng'ombe.